Takwimu za janga: uchukue za nchi gani, na kutoka kwa nani?

Mpwa wangu alikuwa ameiweka kompyuta yake katikati ya sahani mbili za chapati na madondo, kwenye kibanda kimoja pale Ngara. Mstari wa Tanzania ulikuwa umelala chini kabisa ya grafu kama uzi uliodondoka sakafuni. Juu yake mstari wa Kenya ulipanda na kushuka vilima vyake: Julai 2020, Novemba, kisha Machi na Agosti mwaka uliofuata. Wa Afrika Kusini ulikuwa milima mitupu.

"Mjomba," akasema, "Kenya walikufa karibu 5,700. Tanzania 846. Na wenzetu hawakuwa na kafyu, hawakufunga makanisa. Kwani sisi tuliteseka bure?"

Anasomea takwimu chuoni, mwaka wa tatu, na mradi wake unamtaka achague nchi nne za kulinganisha. Swali lake si la kijinga. Ndilo nililokuwa nikilisikia kwenye matatu mwaka mzima ule. Mimi wakati huo nilikuwa kibarua wa kituo kimoja cha redio hapa mjini, kazi yangu kunakili takwimu za korona kila alasiri na kuzipanga zisomeke hewani. Kwa hiyo najua kidogo jinsi tarakimu zinavyopikwa, na jinsi zinavyoungua zenyewe hata pale mpishi asipokuwa na nia mbaya.

Nilimwambia aache kwanza kuuliza ni nchi gani iliyokuwa na vifo vichache. Aulize hivi: kama nambari hii ingekuwa ya uongo, ni nani nchini humo angeweza kulisema hilo hadharani na bado alale kwake usiku huo? Tukaanza kuzipanga nchi mbili mbili.

Nairobi na Dodoma

Kenya ilitangaza kisa chake cha kwanza tarehe 13 Machi 2020. Tangu hapo Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, au mmoja wa wasaidizi wake, alisimama mbele ya kamera karibu kila siku. Daftari langu la siku hizo lina safu zile zile ukurasa hadi ukurasa: sampuli zilizopimwa, visa vipya, waliopona, waliofariki, kisha kaunti, na Nairobi ikigawanywa mitaa. Safu iliyonifaa kuliko zote ni ile ya sampuli. Ukiambiwa visa 130 bila kuambiwa ni watu wangapi waliopimwa, hujaambiwa kitu. Vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vilipoadimika maabarani, sampuli zilishuka na visa vikashuka nazo, na mwandishi yeyote aliyekuwa macho aliliona hilo kwenye karatasi ile ile ya serikali na kulisema.

Sisemi Kenya ilikuwa paradiso ya ukweli. Mwanablogu mmoja maarufu alikamatwa mwezi huo huo wa Machi kwa aliyoyaandika kuhusu korona, kwa kutumia sheria ya uhalifu wa mitandaoni ya 2018. Polisi wa kafyu walivunja mbavu za watu. Watu wa mtaani hawakuacha kuiita serikali "siri kali". Lakini vyombo vya habari vilivyofichua kashfa ya ununuzi wa vifaa kule KEMSA, mamlaka ya serikali ya kununua dawa na vifaa vya tiba, ndivyo vilivyokuwa vikiuliza maswali kwenye vikao vya alasiri, na Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Wizara ikijua kuna wenye macho, huandika kwa uangalifu zaidi, hata ikiwa haiwapendi.

Tanzania ilianza kwa mwendo huo huo. Kisa cha kwanza kilitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na kwa majuma kadhaa takwimu zilitoka. Mapema Mei, Rais John Magufuli akasema kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa kwa siri kwenye maabara ya taifa zikiwa na majina ya watu, na kwamba baadhi zilirudi na majibu ya kuwa na korona. Mkuu wa maabara akasimamishwa kazi. Hesabu ikasimama kwenye visa 509 na vifo 21, na mwezi wa Juni nchi ikatangazwa kuwa haina korona tena. Kwa zaidi ya mwaka mmoja, kila hifadhidata duniani ilibaki na 509 na 21, kana kwamba ugonjwa ulifika mpakani ukaonyesha pasipoti ukakataliwa.

Mpwa wangu akauliza kama mtu mwingine hakuweza kuhesabu. Hapo ndipo penye kiini. Mwaka 2018 bunge la Tanzania lilifanyia sheria ya takwimu marekebisho yaliyofanya kuwa kosa kutoa nambari za kupotosha au kutilia shaka zile rasmi. Kipengele hicho kililegezwa mwaka 2019 baada ya malalamiko mengi, lakini Julai 2020 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizokataza kuchapisha habari za mlipuko wa ugonjwa hatari bila idhini ya mamlaka. Mwezi huo huo Kwanza TV, iliyokuwa ikirusha matangazo yake mtandaoni, ilifungiwa miezi 11 kwa kusambaza tahadhari ya kiafya ya ubalozi wa Marekani. Mtu hahitaji kufungwa mkono ili aache kuhesabu. Inatosha aone jirani yake amefungiwa.

Kiswahili chenyewe kikajikunja. Watu walikufa kwa "changamoto ya upumuaji". Matangazo ya msiba yalitaja nimonia, yalitaja kuugua kwa muda mfupi, na kila msomaji alielewa. Wahenga walisema mficha ugonjwa kifo humuumbua, ila wahenga hawakuwahi kukiona kifo chenyewe kikibandikwa jina lingine.

Hata hivyo hesabu iliyozibwa mdomo huwa inatokea mlango mwingine. Ilitokea Namanga: madereva wa malori walipopimwa upande wa Kenya, baadhi walikutwa na virusi wakarudishwa, na tarehe 16 Mei 2020 Rais Uhuru Kenyatta akafunga mipaka ya Tanzania na Somalia isipokuwa kwa mizigo. Ilitokea Zanzibar, chama cha ACT-Wazalendo kilipotangaza kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais, Maalim Seif Sharif Hamad, alikuwa na korona. Alifariki tarehe 17 Februari 2021. Ilitokea kanisani pia. Mwezi Machi 2021 katibu mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki alisema mapadre zaidi ya 25 na masista wapatao 60 walikuwa wamefariki katika muda wa miezi miwili. Kanisa lina orodha ya mapadre wake. Halihitaji maabara kujua nani hayupo altareni.

Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021. Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, takwimu zikaanza kurudi mwishoni mwa Juni, na chanjo ikazinduliwa tarehe 28 Julai. Kwa hiyo ile 846 ni jumla ya vipande viwili vyenye shimo katikati. Kama kutofunga nchi kulikuwa na busara kiuchumi, huo ni mjadala mwingine na una hoja nzuri pande zote mbili. Ila usimwambie mtu kwamba 846 inathibitisha lolote.

Lakini zetu je?

Hapa mpwa wangu alitabasamu, akadhani nimeshamchagulia Kenya. Bado.

Januari 2021 mzee mmoja wa ukoo wetu alifia nyumbani kijijini. Alikuwa amekohoa wiki moja na nusu. Tulipokwenda kwa naibu wa chifu kutafuta kibali cha mazishi, alitoa fomu, akauliza jina, umri, kitambulisho, kisha akafika kwenye nafasi ya chanzo cha kifo. "Alikuwa akiugua nini?" Tukatazamana. Binamu yangu akasema, "Kifua." Naibu wa chifu akaandika kifua, akapiga muhuri, tukazika Jumamosi. Hakuna aliyetutisha wala aliyetaka kuficha kitu. Hakuna aliyempima mzee, basi.

Hiyo ndiyo tofauti niliyotaka mpwa wangu aishike, kwa sababu kwenye grafu haionekani: kifo kisichohesabiwa kwa kuwa mtu amekatazwa, na kifo kisichohesabiwa kwa kuwa hakuna mhesabuji. Kenya husajili takribani nusu tu ya vifo vyake. Uhuru wa kusema hauwezi kuandika jina la marehemu kwenye daftari ambalo halijafika kijijini.

Tulijuaje basi kwamba takwimu zetu zilikuwa pungufu? Kwa sababu watafiti wa Kenya walituambia, na hakuna aliyewafuata usiku. Taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, na wenzake wa shirika la Uingereza la Wellcome kule Kilifi walipima kingamwili, yaani alama ambazo kirusi huacha mwilini, kwenye damu ya wachangiaji 3,098 kati ya Aprili na Juni 2020. Baada ya kurekebisha hesabu walipata asilimia 4.3 kitaifa, asilimia 7.3 Nairobi na 8.0 Mombasa. Yaani mtu mmoja kati ya 14 hivi jijini alikuwa tayari amekutana na kirusi, ilhali kufikia mwisho wa Julai nchi nzima ilikuwa imetangaza visa 20,636 na vifo 341. Uchunguzi mwingine wa nyumba kwa nyumba Nairobi, Novemba mwaka huo, ulikuta kingamwili kwa karibu watu 35 kati ya kila 100. Waziri hakukamata mtu kwa utafiti huo, na ulichapishwa na kujadiliwa redioni.

Zambia walifanya kitu cha kusikitisha zaidi na cha maana zaidi. Kati ya Juni na Septemba 2020 walipima maiti 364 kwenye mochari ya hospitali kuu ya chuo kikuu mjini Lusaka, wakakuta virusi kwa kati ya asilimia 15 na 20 ya waliopimwa. Wachache mno kati yao walikuwa wamewahi kupimwa wakiwa hai. Watu walikuwa wakisema korona imeikwepa Afrika. Kumbe ilikuwa imelala mochari haijaulizwa jina.

Kigali na Dodoma

Hapa nadharia yangu inakwama kidogo, nami sikutaka kumficha mpwa.

Tarehe 27 Septemba 2024 Rwanda ilitangaza mlipuko wa Marburg, homa ya virusi iliyo ndugu ya Ebola. Shirika la Freedom House la Marekani, linalopima uhuru wa kisiasa kila mwaka, huiweka Rwanda kwenye fungu la nchi zisizo huru, na Kenya kwenye fungu la zilizo huru kwa kiasi. Ukifuata kipimo hicho peke yake ungetarajia Kigali wanyamaze. Hawakunyamaza. Walitoa takwimu kila siku, waziri wao akajibu maswali ya waandishi wa kimataifa mtandaoni, wakakubali chanjo ya majaribio, na mlipuko ukatangazwa kuisha tarehe 20 Desemba ukiwa na wagonjwa 66 na vifo 15. Kwa ugonjwa ambao kwa wastani huua nusu hivi ya wagonjwa, hiyo ni kazi ya kuonewa wivu.

Wiki chache baadaye, katikati ya Januari 2025, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema kuna visa vinavyoshukiwa kuwa vya Marburg mkoani Kagera, watu tisa, wanane wakiwa wamefariki. Wizara ya Afya ya Tanzania ikajibu kwamba vipimo havikuonyesha Marburg. Tarehe 20 Januari Rais Samia, akiwa Dodoma pamoja na mkurugenzi mkuu wa shirika hilo, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akathibitisha kisa kimoja. Ni siku sita tu, nami naona ni haki kusema hivyo: mwaka 2020 ilichukua zaidi ya mwaka.

Uwezo wa WHO wa kusema jambo kabla ya serikali husika kukubali unatokana na Kanuni za Kimataifa za Afya za 2005, zinazoliruhusu kutumia taarifa zisizo rasmi. Kanuni hizo zilizaliwa na SARS, ugonjwa wa mapafu ulioanzia China. Aprili 2003 Beijing ilikuwa ikisema ina wagonjwa 37. Daktari wa jeshi aliyestaafu, Jiang Yanyong, aliandika barua kwa vyombo vya habari akisema hospitali moja tu ina zaidi ya hao. Tarehe 20 Aprili waziri wa afya alipoteza kazi, na wagonjwa wa Beijing wakawa 339 kwa siku moja. Virusi havikuruka hivyo. Kilichoruka ni karatasi.

Basi Rwanda tuiweke wapi? Mimi ningeichukua takwimu yake ya Marburg bila wasiwasi mkubwa, kwa kuwa wageni wengi walikuwa ndani wakihesabu pamoja nao. Lakini uwazi ule ulikuwa wa hiari ya wakubwa. Siku hiari hiyo ikiondoka, hakuna gazeti wala mahakama ya kuirudisha.

Brasília na Ankara

Jozi hii naipenda kuliko zote, kwa sababu serikali zote mbili zilifanya hila na zote mbili zina uchaguzi.

Mwanzoni mwa Juni 2020, chini ya Rais Jair Bolsonaro, Wizara ya Afya ya Brazil iliondoa jumla ya visa na vifo kwenye tovuti yake, ikabakiza vya saa 24 tu. Ndani ya siku chache magazeti na vituo ambavyo kwa kawaida hupigania wasomaji kama makanga wanavyopigania abiria, yakiwemo Folha de S. Paulo, O Globo, Estado de S. Paulo, G1 na UOL, yaliungana. Yakaanza kukusanya takwimu moja kwa moja kutoka idara za afya za majimbo na kuzijumlisha yenyewe kila jioni. Jaji Alexandre de Moraes wa Mahakama ya Juu naye akaiamuru wizara irudishe jumla. Ikarudisha. Muungano wa magazeti ukaendelea kuhesabu hata hivyo, kwa zaidi ya miaka miwili.

Mpwa wangu aliuliza kama hilo lingewezekana hapa. Nadhani ndiyo, na sababu ni ugatuzi. Tangu 2013 huduma nyingi za afya ziko chini ya kaunti, na gavana wa chama kingine hana haja ya kulinda sifa ya wizara ya Nairobi. Gazeti likipiga simu 47 linapata jumla yake. Simu 47 ni kazi ya siku moja kwa waandishi watatu wenye subira.

Uturuki haikufuta chochote. Ilibadilisha neno. Kuanzia mwisho wa Julai 2020 takwimu za kila siku hazikusema tena "visa" bali "wagonjwa", maana yake wale wenye dalili tu. Chama cha madaktari kililalamika kwamba hesabu haifanani na wanachokiona wodini. Mwishoni mwa Septemba Waziri Fahrettin Koca akakiri: si kila kisa ni mgonjwa. Tarehe 25 Novemba walirudi kuhesabu wote, na idadi ya siku ikapanda kutoka elfu saba na kitu hadi 28,351. Anayechora grafu bila kusoma maelezo ya chini angedhani Uturuki ilipatwa na balaa usiku mmoja.

China nayo iligusa maana ya neno. Desemba 2022, vizuizi vilipolegezwa, kifo cha korona kikawa ni kile tu kilichotokana na mapafu kushindwa kupumua, na vifo vilivyotangazwa vikawa vya kuhesabika kwa vidole. Tarehe 14 Januari 2023 wakataja vifo 59,938 vya hospitalini kwa mwezi mmoja na kitu.

Nchi huru zinazokosea

Hapa sitakaa sana, maana orodha ni ndefu na funzo ni lile lile. Uingereza ilipoteza visa 15,841 mwaka 2020 kwa sababu faili la Excel la muundo wa zamani lilijaa. Ubelgiji ilionekana kuwa mbaya kuliko majirani kwa kuwa ilihesabu hata waliodhaniwa tu kufa na korona kwenye nyumba za wazee. Jimbo la New York lilipunguza vifo vya wazee hao hao, na aliyelianika Januari 2021 ni mwanasheria mkuu wa jimbo lenyewe. Mwaka 1918 Uhispania, isiyokuwa vitani na ambayo magazeti yake hayakufinywa kama ya nchi zilizopigana, iliandika wazi kuhusu homa iliyomwangusha hata mfalme wake, na malipo yake ni ugonjwa kubandikwa jina lake hadi leo. Nchi inayosema huonekana ndiyo mgonjwa.

Peru inastahili sentensi zaidi. Mwishoni mwa Mei 2021 serikali yake ilipokea ripoti ya kamati ya wataalamu, ikapandisha vifo kutoka 69,342 hadi 180,764. Kwa siku moja ikawa nchi yenye vifo vingi zaidi duniani kwa idadi ya watu. Wanafunzi wengi huikwepa kwa sababu mstari wake "unaruka". Mimi ningeianzia hapo hapo.

Kisha kuna India, inayomharibia hesabu kila anayedhani kura zinatosha. Kufikia mwisho wa 2021 ilikuwa imetangaza vifo 481,000 hivi. WHO ilikadiria milioni 4.7, na Delhi ikapinga makadirio hayo kwa nguvu. Lakini ndani ya India hiyo hiyo, gazeti la Divya Bhaskar la Gujarat lilihesabu vyeti vya vifo vilivyotolewa jimboni kati ya Machi 1 na Mei 10, 2021: karibu 123,000, dhidi ya 58,000 mwaka uliotangulia. Vifo vya korona vilivyotangazwa na jimbo kwa siku hizo vilikuwa 4,218. Nchi moja, nambari mbili, na gazeti lililoweza kuzipanga bega kwa bega.

Uchague nambari ya aina gani

Baada ya nchi tukaja kwenye nambari zenyewe.

Visa vilivyothibitishwa ni vyepesi kuliko zote kuchezewa: punguza vipimo, visa vinapungua. Vitumie tu pale penye idadi ya sampuli kando yake, na hata hapo tazama asilimia. Vifo vilivyothibitishwa ni afadhali, ila hutegemea nani amepimwa na nini kimeitwa kifo cha korona.

Vifo vya ziada, yaani waliokufa kwa sababu zozote ukitoa wale ambao kwa kawaida wangekufa kipindi hicho, ndivyo vigumu zaidi kuficha. Unaweza kubadilisha jina la ugonjwa, huwezi kumrudisha marehemu kwenye daftari la walio hai. Kwa njia hii watafiti Ariel Karlinsky na Dmitry Kobak walikuta vifo vya ziada vya Belarus na Misri vikizidi vile vilivyotangazwa kwa zaidi ya mara 10, na Tajikistan mara 100 hivi. Kwa njia hii pia WHO ilikadiria vifo milioni 14.9 duniani kwa 2020 na 2021, ilhali vilivyotangazwa vilikuwa milioni 5.4. Urusi ilikuwa na kichekesho chake: kamati ya korona ilitangaza nambari ndogo, na idara ya takwimu ya serikali hiyo hiyo, Rosstat, ikachapisha nambari kubwa zaidi kila mwezi.

Ila vifo vya ziada vinataka usajili. Afrika Kusini inao. Kila wiki Baraza la Utafiti wa Tiba na Chuo Kikuu cha Cape Town walichukua majina yaliyofutwa kwenye rejista ya taifa ya watu, wakachapisha pengo bila kuomba ruhusa: rasmi vifo 102,000 na kitu, vya ziada zaidi ya 300,000. Kwa Kenya na Tanzania, nambari ya vifo vya ziada unayoikuta mtandaoni ni makadirio ya hesabu yaliyokopa tabia za nchi nyingine. Isome hivyo.

Na kuna kipimo kimoja cha bure. Hesabu ya kweli inarukaruka. Ukitarajia vifo 100 kwa siku, bahati peke yake itakupa 92 leo na 109 kesho, na Jumapili itashuka kwa kuwa makarani wamepumzika. Kobak aliona mikoa ya Urusi ambayo nambari zake zilitulia kwa majuma kama maji ya mtungi. Nilimwonyesha mpwa daftari langu la 2020: 127, 260, 184, 105. Linachukiza kulitazama. Ndiyo maana naliamini kiasi.

Akachagua Afrika Kusini na Peru kwa vifo vya ziada, Brazil kwa sababu ya magazeti, na Kenya kwa asilimia ya sampuli pamoja na ile damu ya wachangiaji. Tanzania hakutaka kuiacha. "Nusu ya darasa wataniuliza," akasema.

Nikamwambia aiweke, ila afungue jedwali lenyewe. Akateremka hadi Mei 2020. Safu ya vifo vipya ilisomeka 0, chini yake 0, chini yake 0, zaidi ya mistari 400, hadi mwisho wa Juni 2021. Hifadhidata aliyoipakua ilikuwa imejaza sifuri mahali ambapo hakuna aliyetoa nambari. Akazichagua zote kwa mkupuo, akazifuta. Programu ikaunganisha ncha mbili kwa mstari mnyoofu. Akatafuta kwenye mipangilio dakika tano, chai ikapoa, hadi akapata pa kuiambia iache nafasi wazi.

Mwenye kibanda akaja kuchukua sahani, akachungulia. "Hiyo kompyuta yako imekwama?"

"Hapana, mama," mpwa akasema, akivuta kalenda karibu na kioo kuhakikisha tarehe. "Hapo katikati ndivyo inavyotakiwa kuwa."